Chui wa Kilima cha Mabomu

Kijiwe chetu cha kijiji cha Kani Gwez ni benchi moja refu mbele ya kibanda cha chai, na ukikaa hapo, utake usitake, utakitazama kilima. Tangu vita na Iran kimezungushiwa waya na vibao vya fuvu jekundu, maana kimejaa mabomu ya ardhini, na shamba la zabibu la marehemu Qadir limo humo humo. Nasema marehemu kwa mazoea tu. Aliingia kulitazama vita vilipoisha, hakutoka, na mlipuko hakuusikia mtu. Mimi kilima kile sikipendi, nasema wazi. Siku moja, theluji ikiwa imeanza kuyeyuka, Nariman, mwana wa Qadir, alikuja kijiweni amevimba kwa hasira. Wafukuaji wa mabomu walishafika na mashine zao, wakaambiwa wangoje: mtaalamu wa wanyama kutoka mjini Slemani achunguze kwanza kazi ile itamdhuru mnyama gani. Na kamera zake zilikuwa zimenasa chui.

— Chui! Nariman alifoka kabla hata hajakaa. Mama yangu hainuki kitandani. Anataka mifupa ya mumewe izikwe, na yeye azikwe ubavuni pake. Hajakaa eda mpaka leo! Halafu naambiwa ningoje chui anyonyeshe?

— Tulia, kaka, alisema Nusu Jozi, ambaye mguu wake ulibaki kwenye mteremko wa kilima kile. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Kwani wewe ulisikia la mkuu?

— Nilisikia sana. Ndiyo maana langu halikuvunjika, liliondoka lote.

Tukacheka, hata Nariman kidogo. Redio hakucheka. Redio tunamwita hivyo kwa sababu hazimiki.

— Chekeni tu. Huyo chui ni mzito kuliko mtoto wa shule. Mbona halipuki?

— Ananusa baruti, alisema Nusu Jozi.

— Hanusi kitu! Mabomu yanamjua. Kuishi kwingi ni kuona mengi. Yamekaa mle ardhini miaka yote hiyo, yanasikiliza nani anapita.

— Acha uzushi, Redio, alisema Nariman. Bomu lina masikio?

— Langu lilikuwa nayo, Nusu Jozi alisema. Asubuhi nilipita pale pale, likanyamaza. Jioni nikarudi naimba.

Hapo kicheko kilitoka kifupi. Redio akasogea, akashusha sauti.

— Na yule mbuzi wa Hapsa mjane, mmemsahau? Aliponyoka akapita chini ya waya, tukaziba masikio, kimya. Akarudi mwenyewe baada ya siku mbili. Amekamuliwa.

— Amekauka tu, mbuzi mzee yule! Nusu Jozi alipinga.

— Mzee wapi! Hapsa alimshika chuchu mwenyewe, hazina tone. Nyie chui gani anakamua? Mimi nawaambia, yule si chui. Wote walioingia mle hawakufa. Walibadilika.

Nariman akasimama, chai ikamwagika.

— Baba yangu usimwite mnyama! Rudia tena uone!

— Mimi nimemtaja nani, kaka? Haya, yaishe. Yaishe.

Wakati huo ndipo Shilan, yule mtaalamu mwenyewe, alipotokea barabarani, viatu vimejaa tope, simu mkononi.

— Mgeni njoo mwenyeji apone! Nusu Jozi alimkaribisha haraka. Kaa, binti, utuponye na huyu Redio.

— Huyo chui wako ana watoto au hana? Nariman alimuuliza hata bila salamu.

— Bado sijui, kaka. Asubuhi nimerusha kamera ya kuruka juu ya kilima nimtafute. Wazee wangu, nina swali moja tu ndipo nimalize ripoti. Ile mizabibu kule ndani, nani anaipogoa?

Akatukabidhi simu yenye picha, ikazunguka mkono kwa mkono. Mizabibu ilikuwa imekatwa fupi, mstari kwa mstari, kama tunavyokata yetu kila theluji inapoondoka. Matawi yalikuwa yamefungwa mafungu, yameegemezwa kwenye ukuta wa shamba. Kwa picha moja alikuwa ameishusha kamera karibu kabisa, na palipokatwa palikuwa bado panadondosha maji. Mzabibu haudondoshi hivyo ila uwe umekatwa majuzi. Nikampa mwenzangu ile simu upesi.

— Labda ni nyie wenyewe mnaingia, alisema Shilan. Semeni tu, sitawashtaki.

Redio alikuwa anakoroga istikana yake ya chai, nayo tupu.

Nariman ndiye aliyeishika mwisho, akaikuza picha ya mizabibu ya baba yake.

— Ripoti hujaipeleka?

— Bado.

— Mashine zisiingie, binti. Andika chui yupo. Andika wako wengi.

Akamrudishia simu, akashuka kwenda kwa mama yake, na pale kwenye kona tulimwona anakimbia.