Kinga ya Chandarua

Asubuhi benchi la mbele ya kibanda cha kinyozi hujaa watu watatu na kelele za watu kumi. Mimi huwauzia kahawa. Ncha moja ya benchi inagusa mtaro wenye mbu, na huko hukaa Fundi Viatu, kwa hiari yake, tangu alipopona dengue, ile homa ya mbu, mwaka jana. Wenzake humwita Chandarua. Leo alikuja anatetemeka, macho mekundu, na bado akakaa kulekule.

— Una homa, baba. Nenda zahanati, — nikamwambia.

— Mwanangu, dengue nishaimaliza. Huu ni uchovu tu.

— Zimwi likujualo halikuli likakwisha, — akasema Kinyozi.

— Umesikia? Mbu akinionja, ananitema.

Profesa, aliyepewa cheo hicho kwa kusikiliza redio, akainua kidole.

— Kukutema ni kidogo. Damu yako sasa ni sumu. Mbu akikung'ata, anakufa yeye na ukoo wake.

— Basi tumkamue! — Kinyozi akaruka. — Tone moja kila nyumba. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kamueni taratibu, — Chandarua akacheka, ameshika kichwa. — Macho yananiuma kwa ndani.

Hapo mkewe akatokea, anahema.

— Karibu, shemeji! — Kinyozi akasema. — Mumeo ni dawa ya mtaa.

— Dawa gani? Nimetoka zahanati kumuulizia. Muuguzi anasema dengue ziko aina nne, kama ndugu. Ukiugua mmoja, huyo humuogopi tena. Akija nduguye, kinga ya zamani inaweza kumkamata na isimuweze, ikamsaidia kuingia. Si kwa kila mtu, lakini wengine huumwa kuliko mara ya kwanza.

— Yaani mlinzi anamshika mwizi, halafu anampitisha mlangoni mwenyewe? — Kinyozi akauliza.

— Ndiyo hivyo. Sasa niambieni: mwaka jana huyu aliugua ipi kati ya hizo nne?

Kinyozi akamtazama Profesa. Profesa akapunguza sauti ya redio, ambayo ilikuwa imezimwa.

— Hatukuuliza, — Chandarua akasema polepole. — Niliambiwa ni dengue, nikafurahi kwamba ina jina.

Akajaribu kusimama, akarudi kukaa. Wale wawili wakamshika huku na huku.

— Taratibu, — Kinyozi akaonya. — Haraka haraka haina baraka.

— Leo inayo, shemeji, — mkewe akasema. — Tembeeni!