Wincenty Rzepka na Neno Lililomtoka

Ndugu, majirani na marafiki, familia imenituma mimi, Zdzisław, mwanawe wa kwanza, niwasomee maisha ya baba yetu, Wincenty Rzepka, kama alivyotaka yasomwe, bila kuruka kitu.

Marehemu alizaliwa tarehe 22 Januari 1914 kijijini Majdan, karibu na Zamość, akasoma miaka minne tu, akajifunza uhunzi kwa mjomba wake, na mwaka 1936 akaingia jeshini, akawa fundi wa kwato za farasi chini ya Luteni Seweryn Halicki, mwalimu wa shule aliyewafundisha askari wake kuandika barua za nyumbani.

Tarehe 20 Septemba 1939 kikosi kizima kilitekwa na jeshi la Kisovieti, wakatembezwa siku nne, aliyeanguka akipigwa risasi, kisha wakafungiwa watu mia sita katika zizi la nguruwe, mkate mmoja kwa watu kumi na wawili, maji hakuna. Kwa kuwa maofisa walikuwa wakitengwa na kupelekwa kusikojulikana, askari walimvika Luteni koti la askari wa kawaida, wakakubaliana kumwita Sewek, kifupi cha Seweryn, kama askari mwenzao. Siku ya tatu ililetwa ndoo ya maji, watu wakakanyagana, naye marehemu, ulimi umemvimba kwa kiu, akapata kikombe kimoja, akamgeukia mwenzake na kusema, "Kunywa wewe kwanza, Bwana Luteni." Mlinzi alikuwa hatua mbili tu. Luteni aliyanywa yote, akamwambia, "Asante, Wicek, usijali," akatoka mwenyewe kwa mlinzi, akachukuliwa.

Marehemu alivunja mawe kwenye barabara ya Lwów hadi Juni 1941, akahamishiwa kambi za mashariki, akapoteza vidole viwili kwa baridi, akarudi nyumbani Mei 1946, na tarehe 8 Februari 1947 akamwoa mama yetu, Genowefa, wakajaliwa watoto watatu.

Tarehe 1 Novemba 1957 alikwenda Lublin kumweleza neno lile mke wa Luteni, aliyepata barua ya mwisho ya mumewe Machi 1940. Mama yule alimsikiliza hadi mwisho, akasema, "Toka kwangu." Baba alirudi kila mwaka, akabisha, hakufunguliwa, hadi mwaka 1975, mjane akiwa ameshafariki, alipofunguliwa na binti, Otylia.

"Ingia, Bwana Wincenty, supu inapoa," alimwambia. "Mama alikuwa akikuchungulia dirishani. Mwaka ule treni ilipochelewa, alikusubiri mpaka giza likaingia."

Mwaka jana jina la Luteni lilionekana katika orodha ya maofisa waliopigwa risasi na Wasovieti mwaka 1940, na baba akakaa siku mbili bila kula. Mapafu yalimlaza Novemba, akafariki tarehe 6 Machi 1991.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliochimba kaburi kwenye ardhi iliyoganda, na wahunzi wenzake. Tunamshukuru Bi Otylia, aliyefika asubuhi hii kutoka Lublin, na ambaye, kwa kuwa hajui baba yake amelala wapi, ameomba jina la Luteni lichongwe kwenye jiwe hili, kando ya la baba yetu. Tumekubali.

Lala salama, baba.