Wali Usio na Chumvi

Mwaka 1956, katika basi la kutoka Mbeya kwenda Iringa, nilikaa nyuma ya Sekela, mama wa Kinyakyusa. Alikuwa anampelekea dada yake chumvi hospitali. Dada alikuwa amevimba uso na miguu, na wauguzi walimlisha chakula kisichotiwa chumvi. "Chakula chapwa kitamponya nani?" aliuliza. Nusu ya basi tulimkubalia, ingawa hakutuuliza sisi.

Aliyekaa kando yake, Mzee Kalinga, alikataa. "Usimpe, mwanangu. Mke wangu Matilda alivimba hivyo hivyo. Ukimbonyeza mguu, kidole kinaacha shimo. Daktari alituambia figo zikiugua hushindwa kutoa chumvi, na chumvi ndiyo inayoshika maji mwilini."

"Kwetu tunasema amerogwa, baba."

"Hata sisi tulisema. Lakini alichomwa sindano za kumkojoza, akala wali mtupu. Peke yake hakuweza, nikawa nakula naye, tunachekana tulivyokunja nyuso. Siku viatu vya kanisani vilipomwingia tena, alitembea nyumba nzima ili nisikie visigino. Mpaka leo chumvi sitii."

"Kwa hiyo alipona?"

"Alipata nafuu mwaka mzima. Kisha uvimbe ulirudi, ukamchukua."

"Unaona sasa! Mlimnyima chumvi, na bado akafa."

Basi likasimama Mafinga. Mzee akainuka polepole, akashika kofia yake.

"Alikufa, mwanangu. Lakini mwaka ule siubadilishi kwa kitu chochote."

Akashuka.