Barwaqo Korane na Sahihi Iliyofutwa

Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Barwaqo Korane, mkalimani mkuu wa kituo chetu cha msaada wa kisheria, anastaafu baada ya miaka ishirini na saba kazini. Sisi vijana wa ofisi humwita Eddo, yaani shangazi. Yeye hutuita kwa majina yetu yote matatu tukichelewa.

Alizaliwa Masalani, akaajiriwa hapa Garissa mwaka wa 1998 kama mpiga chapa. Kisa cha wiki yake ya kwanza hukisimulia mwenyewe. Ulimi wake wa Kisomali ulikuwa haujaizoea p, basi katika taarifa ya mlalamishi akaandika "alibigwa na mumewe." Wakili akacheka. Barwaqo akamwambia, "Kwa p au kwa b, mkono wake umevunjika. Endelea kusoma." Mwaka uliofuata akafanywa mkalimani.

Mwaka wa 2017, akiwa katika ofisi yetu ya Dadaab, alimpokea Bilan, mkimbizi mwenye watoto watatu na jicho lililovimba. Bilan alikuwa ameandikishwa katika faili ya mumewe, na mume alimtisha kwamba akishtaki atafutwa humo na kurudishwa alikotoka. Barwaqo alimweleza kwa Kisomali, taratibu, kwamba sheria ya Kenya dhidi ya dhuluma za nyumbani haimuulizi mtu alikozaliwa. Bilan akakubali kushtaki.

Hapo kikwazo kikawa sisi wenyewe. Kabla ya kumwombea mkimbizi kibali cha kusafiri hadi mahakama ya Garissa, fomu yetu ilidai sahihi ya mkuu wa kaya. Mkuu wa kaya ndiye aliyempiga.

Barwaqo aliibeba fomu hadi kwa mkurugenzi wetu, Bw. Hared. "Mkurugenzi, tumwombe aliyepiga ruhusa ya kushtakiwa?"

Bw. Hared alisema fomu hubadilishwa na bodi, na bodi hukutana Machi.

"Na hadi Machi Bilan alale wapi?"

Mkurugenzi akachukua kalamu, akaukata ule mstari wa sahihi kwa mkono wake. Bodi ilipokutana, iliukuta umeshakatwa, ikaidhinisha.

Bilan alipata amri ya ulinzi, Barwaqo akiwa kando yake mahakamani kutwa nzima. Baadaye Eddo aliandika barua kwa miezi kumi na minne akimwombea faili yake mwenyewe. Siku Bilan alipoliona jina lake juu ya kadi yake ya ukimbizi, alipiga vigelegele foleni nzima ikageuka, na mlinzi wetu Billow akaja mbio akidhani kumezuka vita.

Tangu hapo, kila mwanamke anayefika kwetu huulizwa anamtaka mkalimani gani, asije akatafsiriwa na binamu wa mume. Wengine zaidi ya mia mbili wamepata faili zao.

Si kwamba hana makosa. Chai yake ina sukari ya kutosha harusi, na kompyuta hadi leo huipiga kwa vidole viwili kama anayeidai deni.

Sasa anarudi Masalani kulima matikiti kando ya Tana. Eddo, asante kwa kutusahihisha bila kutudharau. Mwenyezi Mungu akupe afya, mvua ya wakati wake, na majirani wanaoelewana bila mkalimani. Ishi kwa raha, mama, umeistahili.

Ramla Deeq, karani wa usajili