Samaki Wamehamia Upande wa Mlango

Ingieni, batoto bangu, kaeni, ila mlango msiufunge. Jessica, mkwe wangu, uwekee jiwe upepo usiurudishe. Nasema nikiwa na akili zangu timamu, mimi Jeanne, mjane wa Tharcisse, niliyepima maji katika maabara ya mgodi miaka ishirini na sita, na kama sauti yangu inatetemeka msidhani ni mapafu haya peke yake. Ninaogopa. Kufa sikuogopi, nawaogopea ninyi.

Nianze na hawa samaki wa kwenye tangi la kioo, nawe Gael usikunje uso. Baba yenu aliwaleta thelathini ndani ya bidoni, kutoka kijito kinachoingia Lualaba kule juu ya Nzilo, wembamba kama sindano, wana mstari mmoja wa buluu ubavuni, na soko zima la Manika hakuna anayewajua. Leo kijito kile kinanuka asidi, hakina hata chura. Waliobaki ni hawa kumi na tisa, wajukuu wa wale. Hawaishi peke yao: ukimtenga mmoja anaacha kula, anapauka, siku ya tatu anaelea. Maji ya bomba yalale kwenye beseni siku mbili kabla ya kuwatilia, nanyi mbadilishe robo tu. Umeme ukikatika, mchote maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu mpaka mkono uchoke, wapate pumzi. Na kioo kisigongwe. Samaki hana sikio kama letu. Mwili wake mzima ni sikio.

Sasa jambo ambalo sijamwambia hata padri. Mnamkumbuka jirani yetu Louis, aliyechimba madini chini ya chumba chake mwenyewe, akitandika mkeka juu ya shimo kila alipofika mgeni. Mwaka ule samaki hawa walijikunja kwenye kona ya mbali na ukuta wa Louis, siku tatu hawakula. Mimi, fundi wa maji, nikayasingizia maji. Nikayapima, nikayabadilisha, nikatia chumvi. Siku ya nne asubuhi wachimbaji wa Louis walikuwa wamepanda juu kupumzika, tindo halikulia hata mara moja, na samaki bado walikuwa konani. Nikasema, hawa wana ugonjwa. Saa nne nyumba ikazama, na Mamie, mke wa Louis, alikuwa jikoni akisonga bukari. Tulimsikia akiita. Halafu hatukumsikia. Samaki walikuwa wameniambia, nami nikawapa chumvi! Mficha maradhi kilio humfichua. Hiki ndicho kilio changu, miaka minane nimekimeza.

Tangu Jumatatu wamejikunja tena. Tazameni wenyewe: wote wako upande wa mlango, vichwa vikielekea nje. Safari hii maji sikuyagusa. Nikamuuliza Gael, "Mutoto yangu, nani anachimba?" Akajibu akichekacheka, "Mama, ni shimo ya WC tu, kule nyuma." Shimo la choo! Choo gani kinatoa magunia yaliyofungwa kamba, Gael? Choo gani kinapita chini ya jikoni, chini ya kitanda cha watoto wako, kikafika hapa chini ya mgongo wangu, ambapo nasikia tindo kama ninavyosikia moyo? Ulisema mama anakohoa, hashuki kitandani, hatajua. Unanichimbia kaburi kabla sijafa, tena unaniambia ni choo!

Na dada yako Naomie aliposimama jana kukukemea, ukamwambia, "Batu bote banachimba, sasa sisi tukae bapumbavu?" Mi nakujibu. Wakubwa waliuza mlima mzima kwa karatasi moja, wakawaachia vijana wetu kugombania mashimo kama panya, na hilo linanichoma kama linavyokuchoma. Lakini hasira, hata iwe ya haki, haishikilii dari. Nyumba ya udongo haihimili vishindo, na matofali haya ni udongo tulioufyatua na baba yenu kila Jumamosi, wewe ukiwa mgongoni mwangu.

Basi shikeni. Nyumba ni yenu wote wawili; karatasi zake akae nazo Naomie, kwa kuwa anajua kusema hapana. Kilicho chini ya nyumba si urithi. Mkifukie, mshindilie, msimwonyeshe mtu. Samaki nampa Jessica. Nilikucheka, mwanangu, ulipoolewa hapa hujui hata kuwasha mbabula ya makaa, lakini ni wewe peke yako uliyewakataza watoto kugonga kioo. Na mwende kwa mama yake Mamie, ambaye tangu msiba hajui ni kwa nini namkwepa; mwambieni Jeanne alionyeshwa, hakuelewa, anaomba radhi.

Gael, mbona unatazama sakafu? Nani yuko huko chini? Sema! Gracien? Yule aliyekula nasi bukari jana? Sasa hivi, nasi tumekaa juu yake? Kimbia, vuta kamba, mwite apande, wewe usishuke! Jessica, watoto kwanza, viatu waviache. Naomie, ndoo ile, wachote samaki wote, usimwache mmoja...

Ngojeni nipumue.

Nasikia miguu. Ni wewe, Gracien? Asante Mungu. Umejaa tope, mwanangu, pita, pita nje. Hakuna mwingine chini? Hakuna. Tindo limenyamaza basi. Kimya kizuri...

Naomie, subiri. Tazama kioo. Hakuna anayechimba sasa, na hawajasogea. Wamejibana zaidi. Basi si tindo wanalosikia, ni ardhi yenyewe, kama siku ile ya Mamie.

Niburuteni kwa blanketi, au niacheni, msibishane. Aliyetoka asirudi kuchukua kitu, hata picha ya baba yenu. Mungu awape... awape mwili mzima uwe sikio. Asiwatenge. Mkae kama hawa, bega kwa bega, mkiogopa pamoja...

Vumbi linaanguka ndani ya maji. Gael, nakusamehe, usilie mlangoni, unaziba njia.

Tokeni, batoto bangu. Tokeni.