Mkeka wa Redio

Sogeeni, sogeeni karibu na bibi yenu. Wewe unayetafuna biskuti, tafuna kwa adabu. Na huyo kuku mfukuzeni, hana anachokijua ila kuingilia maneno ya watu. Haya, kimya.

Benchi letu lilikuwa mbele ya duka la Fetu, hapahapa kisiwani Savai'i, likitazama nyumba ya jirani yetu Losa. Hapo nilichemsha koko, kakao yetu ile nyeusi nzito, wazee wakanywa na kudanganyana. Kinara wao alikuwa Tavita, tuliyemwita Redio kwa kuwa hazimiki. Mwenzake Iosua tulimwita Kobe, maana neno aanzalo asubuhi hulimaliza jioni. Siku moja mjukuu wangu Sieni alikaa katikati yao, macho yamemjaa maji. Alikuwa anaandika filamu yake ya kwanza, fupi tu. Pesa hana. Kamera ameazima kwa binamu yake, na binamu anapanda ndege kesho kurudi Auckland. Na hadithi haina mwisho.

— Hebu tusomee, mama, nikamwambia.

— Mtu amemkosea jirani, akasema Sieni. Alfajiri anakwenda kuketi nje ya nyumba yake, amejifunika mkeka mwororo wa ukoo, kama desturi yetu. Anangoja asamehewe. Basi.

— Basi? Redio akaruka. Helikopta iko wapi?

— Helikopta ya nini, babu?

— Filamu bila helikopta ni harusi bila nguruwe! Mwenye njaa hana miiko. Weka helikopta.

— Hata nauli ya basi sina.

— Weka meli, basi. Izame. Paka akiondoka, panya hutawala.

— Panya... wanaingiaje... hapo? akauliza Kobe.

— We mzee, umeona wapi meli isiyo na panya?

Kobe akapuliza kikombe chake.

— Mimi naona... huyo wa chini ya mkeka... awe mzimu.

— Umenena! Mzimu, na pacha wake yuko jela Australia, na nyuma yao volkeno inalipuka! Watu mia tatu wanakimbia!

— Hao mia tatu watakula nini? nikamuuliza. Ukiwaita watu hapa kijijini usiwalishe, umeuaibisha ukoo wako wote.

Sieni akaanza kukunja karatasi zake.

— Naacha. Kamera irudi tu sandukuni.

Ndipo akafika Ana, muuguzi mgeni wa zahanati, amefuata sabuni dukani. Nikampa kikombe. Alikuwa amesikia kidogo.

— Samahani wazee wangu. Huo mkeka anaufunua nani?

Kila mtu anajua kwamba aliyekosewa ndiye afunuaye, na asipotaka, jua likukaushe hapohapo. Lakini alivyouliza, tukawa tunatazama pote isipokuwa nyumba ya Losa. Mwaka juzi Redio alichoma majani shambani kwake, moto ukavuka, ukala banda la jiko la Losa na miti yake ya kakao. Redio akasema ni upepo. Toka hapo Losa hakukanyaga benchini, wala hakuniletea kakao. Nilinunua ya mbali, chungu kama dawa ya minyoo.

— Ndipo ninapokwama, Sieni akasema. Sijawahi kumwona mtu akisamehe, nikamwona uso. Babu Redio, hebu kaa chini ya mkeka nione. Huenda mwisho ukaja wenyewe.

— Mimi nimezaliwa kwa kazi hiyo! Leteni mkeka!

Nikatoa mkeka wangu wa kulalia, maana ule wa ukoo hauchezewi. Sieni akatafuta mwanga, na mwanga mzuri ulikuwa kwenye nyasi za Losa. Mwenyewe tulidhani yuko kanisani na kina mama. Redio akaketi, akajifunika gubigubi. Kamera ikawashwa.

Na Losa huyo, katokea nyuma ya nyumba na ndoo.

Nyumba zetu hazina kuta. Aliona mpaka upande wa pili, mtu chini ya mkeka. Ndoo ikamponyoka. Kobe akafumbua mdomo aseme ni mchezo, nami nikashukuru Mungu kwa kumuumba mzito, kwa kuwa nilimfinya kabla neno halijatoka.

Losa akapita katikati ya nyumba, akasimama kando ya mkeka. Kisha akainama, akaufunua.

— Tavita. Kumbe magoti yako yanakunjika.

Redio akamtazama. Angeweza kusema ni filamu.

— Losa, dada yangu, akasema, machozi yanamchuruzika. Upepo haukuwa na kiberiti. Ni mimi. Nisamehe.

— Kila asubuhi nilikuwa natazama nyasi hizi, nikisema leo atakuja. Akamshika mkono. Haya inuka, unanilalia nyasi.

Loo, tulishusha pumzi! Hata Kobe alicheka kwa wakati wake.

Sieni akasogea, kichwa chini.

— Shangazi, nilikuwa napiga filamu. Ukikataa nafuta sasa hivi.

— Filamu?

— Ilianza kama filamu, Redio akasema.

Losa akajitazama.

— Na hili gauni bovu limeonekana?

— Limeonekana.

— Liache. Ningevaa zuri, watu wangesema nilijua.

Redio ametangulia sasa, na Kobe kamfuata, kachelewa kidogo kama kawaida yake. Kiti cha Redio karithi Ana, na bado anauliza vile vijiswali vyake. Sieni alipata mwisho wake, na miisho mingine mingi baada ya huo. Losa alirithi miche ya kakao aliyopandiwa na Redio kwa mikono yake, na sasa ni miti. Mimi nikarithi sufuria yangu mwenyewe, na kakao ya Losa ya kutia humo. Na mkeka? Angalieni mlichokalia.