Mtutu wa Mzee Eliakimu

Kaa upande huu wa sikio langu zuri, Ghada, na wewe Asad acha kutazama saa, ndege ni ya keshokutwa na maneno yangu ni ya leo. Nayasema nikiwa na akili zangu timamu, wanangu, kwa hiyo anayenipenda asinikatize, maana pumzi ya kurudia sina.

Mimi Muhiddin, baba yenu, nimetengeneza bunduki za watu wenye vibali hapo chini, Mtaa wa Sikukuu, tangu hamjazaliwa, na sasa nimelazwa ghorofa ya nne juu ya karakana yangu mwenyewe wala siuoni mlango wake. Lifti imekufa. Dirisha linatazama ukuta wa jengo jipya, mkono ukinyoosha unaugusa, na wamachinga nawasikia wakinadi bidhaa lakini sura ya mtu siioni. Na tangu siku ile niliyojaribu kushuka ngazi peke yangu nikaanguka, Asad, umelifunga geti la chuma, ufunguo unakaa mfukoni mwako pamoja na pasipoti yangu. Unafanya hivyo kwa mapenzi, najua. Lakini mapenzi hayo yamenifungia ndani, mwanangu, na ninaogopa, nakwambia waziwazi, ninaogopa kufia hospitali hiyo ya ugenini unakotaka kunipeleka, ambako nikiomba maji hakuna atakayenielewa.

Mali kwanza, isije ikasahaulika. Nyumba na karakana vitagawanywa kama dini yetu ilivyogawa, mimi si wa kuongeza wala kupunguza, ila nawaombeni mkubaliane vifaa vya kazi viingie katika fungu la Ghada, maana mkono wake una subira. Zile bunduki za wateja zilizomo kwenye kasha zisilale humo baada yangu. Kibali ni changu na kinaondoka na mimi, pigeni simu polisi waje wazichukue, wateja wenyewe wakiwepo, na asiziguse mtu mpaka Ghada apate kibali chake. Baba yenu mdogo Nurdin hatujasemezana tangu ugomvi wa nyumba ya Magomeni. Mwiteni. Mwambieni nimemsamehe, na akikataa kuja, mwambieni vilevile.

Sasa Ghada, nitolee ule mtutu ulio nyuma ya kabati. Usishtuke, ni chuma tu, umefunguliwa kwenye bunduki yake na umetobolewa ubavuni usipige tena, na polisi wanajua. Asad, usiiname. Sikuuleta kukuaibisha.

Kamera ile uliinunua wewe Mtaa wa Aggrey, kijiwaya chembamba chenye taa na kioo kidogo kwenye ncha, unakichomeka kwenye simu, na mimi nilikucheka kwa sababu maisha yangu yote nilikuwa nachungulia mtutu kwa jicho, nimeuelekeza kwenye mwanga wa mlangoni. Nilipoiona picha nilivuta kiti nikakaa. Kila kovu lilionekana, hata mtutu mpya kabisa ulionekana umeoza. Ndipo nikawaambieni, tena mbele ya meza ya karakana: hakikisheni kwanza bunduki ni tupu, kwa macho na kwa kidole. Fimbo ya kusafishia iingie kutokea nyuma itokee mdomoni. Tieni dawa, subirini, pitisheni kitambaa, kikitoka na ubuluu hiyo ni shaba ya risasi inayeyuka. Kausheni, halafu ingizeni kamera taratibu mkiizungusha. Alama ikipungua, ulikuwa uchafu, rudieni. Lakini kama kitambaa kimetoka cheupe na alama iko palepale, hapo hakuna uchafu tena, hapo ni chuma chenyewe kimelika kwa moto wa baruti, na fundi anaweka burashi chini.

Wewe hukuiweka, Asad. Mzee Eliakimu, yule Mchaga wa maharage ya jumla, alituletea bunduki ya marehemu baba yake, aliyokuwa akifukuzia ngedere shambani kwao Rombo. Mimi nilikuwa msibani. Uliona vinyufa mwanzo wa ile mifereji ya ndani inayoizungusha risasi, vidogovidogo, kama tope lililokauka, ukasema huu uchafu sugu, niachieni mimi. Ukatia burashi ya chuma na dawa ya msasa, ukasugua, ukachungulia kwenye simu, vipo, ukasugua tena mpaka jasho likakulowanisha, kwa sababu ulitaka kumfurahisha mzee wa watu. Kingo za mifereji zikaisha. Alipokwenda kujaribu shabaha, risasi iligonga karatasi kwa ubavu badala ya ncha. Na bunduki ile, mwanangu, ilikuwa inalenga vizuri na vinyufa vyake vyote. Ilikuwa na misimu yake iliyobaki. Eliakimu hakukutukana, alisema tu, "Kijana, si ungeniachia kama ulivyoukuta," akatuachia mtutu akaenda zake.

Nipe... nipe maji kidogo, nilowanishe midomo. Kumeza siwezi.

Mwezi uliopita kamera haikuingizwa kwenye mtutu, niliingizwa mimi, kooni. Nilimwomba yule daktari binti, Mektilda, anigeuzie skrini, akanigeuzia. Nimetazama ndani ya vitu vyembamba umri wangu wote, Asad, nilijua kabla hajafungua mdomo. Wamenichoma dawa, wamenikata, wamenipitishia mpira puani, na kila wakichungulia, alama iko palepale. Sasa unataka kuiuza karakana ili wengine, mbali huko, waanze kunisugua upya.

Washa kamera. Shika wewe, si Ghada. Ingiza kutokea nyuma, usisukume, zungusha. Hapo, simama hapo. Unaona nini? Sema kwa sauti, dada yako asikie.

Eeh. Kingo zimeisha na vinyufa vipo vilevile.

Ulikuwa uchafu?

Haya. Umesema mwenyewe, sikukulazimisha. Basi nami nitazame hivyohivyo, mwanangu, na uniachie misimu yangu, hata kama ni ya wiki moja. Nataka kuishia hapa. Nataka nisikie adhana ya msikiti ninaoujua, na yule muuza kahawa akigonga vikombe vyake asubuhi. Kamera izime. Pasipoti iweke hapa, chini ya mto.

Nikishaondoka, mnishushe kwa ngazi hizohizo, jeneza lipite mbele ya karakana, mnizike Kisutu alipo mama yenu. Mtutu huu mrudishieni Eliakimu, ni wa baba yake. Nenda wewe Asad, mwenyewe, umwamkie vizuri.

Radhi zangu mnazo nyote wawili, za mchana na za usiku, na Mungu awape macho ya kuona na mkono wa kuacha. Usilie... Hukunikosea. Ungekuwa hunipendi ungeshachoka zamani.

Pumzi inaniishia, Ghada, nilaze. Asad... nenda ukafungue geti. Siendi popote, miguu sina. Nataka tu liwe wazi.

Nangoja ufunguo...

Naam. Nimeusikia.